Barua kwa mwanangu: wali wa Pasaka uliopoa

Rabai, Jumanne

Babangu,

Mjomba wako ameondoka asubuhi hii. Wali uliouacha mezani mlipogombana naye siku ya Pasaka nimewapa kuku.

Ulianza vizuri. Ulisema tu kwamba huamini tena, na sauti yako ilikuwa ya upole. Mjomba ndiye aliyechokoza, akakurushia Zaburi ya 14, ile ya mpumbavu. Nawe hukutaka kulala na deni, ukamtajia Shakahola, ule msitu ambako wafuasi wa mhubiri walifunga kula mpaka kufa. Babangu, Shakahola si jiwe la kumtupia mtu. Tangu Aprili 2023 imefukuliwa kule miili zaidi ya 400, hapa hapa Kilifi kwetu. Yule mama jirani aliyekuwa akiosha vyombo hatamki jina la dada yake mpaka leo. Hukumwona alivyoviacha vyombo akatokea mlango wa nyuma. Mimi nilimwona, na nilikuonea aibu kuliko ulipotuambia huna Mungu.

Ila sikuandikii kukugombeza peke yako. Februari 2016, wewe ukiwa bado shule, chama cha wasioamini Mungu kilisajiliwa Nairobi. Aprili Mwanasheria Mkuu akausimamisha usajili, eti watu wamelalamika na amani huenda ikavurugika. Kina mama wa kanisa tulipiga vigelegele, na changu kilikuwa kirefu. Hakuna aliyeuliza amani hiyo ingevurugwa na nani: wale wachache wenye cheti chao, au sisi tuliokasirika? Na Katiba ya 2010 nilikuwa nayo kabatini! Kifungu cha 8 kinasema taifa halina dini rasmi, cha 32 kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri na imani, na utangulizi wenyewe unamtaja Mwenyezi Mungu. Vyote vimelala ndani ya kitabu kimoja na kitabu hakijararuka.

Tena nikamkumbuka nyanya yangu mzaa mama. Hakubatizwa. Alimwomba Mulungu kwa njia ya kaya, ile misitu mitakatifu ya wazee wetu Wamijikenda, na watu wa misheni, iliyokuwapo hapa Rabai tangu 1846, wakamwita mpagani. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya 755,750 wasio na dini, na kaunti yetu ndiyo iliyoongoza. Nadhani humo wamo wengi kama yeye, wanaoomba kuliko mimi. Kwa hiyo hata hilo neno "hana dini" tulilolirushiana siku ile, kila mtu alikuwa na lake kichwani.

Mjomba hakuomba radhi. Hajui kuomba radhi, mmefanana. Lakini alipokuwa akifunga mkoba aliuliza kama unakula vizuri huko Nairobi, kisha akapanda mnazi mwenyewe, na magoti yake yale! Nikasimama chini kama askari mpaka akashuka.

Mwezi ujao kuna matanga ya mzee wa jirani, njoo. Tutakapofumba macho hakuna atakayekulazimisha kufumba. Kaa tu, ila usichezee simu. Na kabla ya kuketi, pitia jikoni umsalimie yule mama.

Nazi ni kumi, ziko ndani ya gunia lenye kamba nyekundu. Nimempa kondakta wa basi la usiku. Wahi kituoni kabla hawajazigawana.

Mamako