Msanii akinyamaza, mwacheni

Mhariri,

Kila kukizuka jambo nchini, kabla watu hawajalielewa vizuri, swali la kwanza mtandaoni huwa: mbona msanii fulani kanyamaza? Mimi nasema mwacheni anyamaze.

Nina aibu yangu ya zamani katika hili. Machi 2012 nilikuwa chuoni. Video ya Kony 2012, iliyotaka Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa Uganda, akamatwe, iliponifikia niliisambaza kabla sijaimaliza. Dakika 30 zote za nini, na Oprah na Rihanna wamekwisha kuipigia debe? Haikumaliza wiki ikawa imetazamwa zaidi ya mara milioni 100. Invisible Children, shirika la Marekani lililoitengeneza, lilikuwa likiuza kifurushi cha vikuku na mabango kwa dola 30. Sikununua, lakini kilichoniponya ni ukata, si busara.

Siku chache baadaye video ikaonyeshwa hadharani Lira, kaskazini mwa Uganda, mbele ya watu ambao watoto wao walitekwa na jeshi la Kony. Walikuja wakitarajia kujiona. Wakamwona mzungu aliyeitengeneza video na mwanawe mdogo. Kilichowachoma zaidi ni kusikia kwamba kuna watu wanavaa fulana za kumtangaza Kony yule yule. Mawe yakarushwa, maonyesho yakasitishwa. Kony mwenyewe alikuwa ameihama Uganda miaka kadhaa nyuma, na hadi leo hajakamatwa.

Kwa miaka mingi baada ya hapo niliona kelele za mtandaoni kuwa upuuzi mtupu. Juni 2024 ndiyo iliyonibadilisha. Waliouvalia njuga Mswada wa Fedha wa Kenya, uliokuja na kodi mpya, hawakuwa mastaa. Vijana waliufungua ukurasa kwa ukurasa kwenye TikTok, wakaueleza kwa lugha za nyumbani, hadi mama muuza mboga akajua ushuru wa asilimia 16 kwenye mkate utamtoa shilingi ngapi. Namba za wabunge zikasambazwa, simu zikaita bila kupumzika. (Hilo bado linanikera, hata mbunge ana mtoto anayepokea simu.) Juni 18 ushuru wa mkate ukaondolewa. Juni 25 wabunge wakaupitisha mswada, waandamanaji wakaingia Bungeni, risasi zikalia. Kesho yake Rais Ruto akakataa kuutia saini. Makumi ya watu waliuawa, na hao hakuna saini ya kuwarudisha.

Wasanii nao walikuja, wengine mapema, wengine baada ya kuona upepo umegeukia wapi. Wote walikuta njia imekwisha kufyekwa na watu ambao mkate huo ndio chai yao ya asubuhi.

Sasa ombi langu, Mhariri. Mswada ujao ukifika Bungeni, pale mnapoweka picha ya msanii na alichoandika, tuchapishieni vifungu vyenyewe kwa Kiswahili chepesi. Kusambaza tutasambaza wenyewe.

Msomaji wako,
Nakuru