Manjano Yetu Hayang'ai, na Kuna Sababu

Kila mara yupo mteja anayerudisha pakiti ya manjano: rangi imefifia, bei imezidi, na isitoshe amekunywa mwezi mzima magoti bado yanamuuma. Wa juzi alisema waziwazi kwamba tumemwibia. Lalamiko hili tumelijibu kaunta ya duka letu la viungo hadi tumechoka, sasa tuliandike.

Tuanze na rangi. Sisi hununua manjano yakiwa mazima, vidole vikavu vinavyolia ukivivunja, ndani vina rangi ya chungwa iliyokolea. Tunayachagua, tunayaosha, tunayaanika tena, ndipo tunayasaga. Unga wake una rangi iliyotulia. Unaong'aa kupita kiasi una lake jambo. Mwaka 2019 watafiti waliripoti kwamba huko Bangladesh manjano yalikuwa yakipakwa kromati ya risasi, rangi ya viwandani, ili yavutie macho ya wanunuzi. Madini ya risasi hudhuru ubongo wa mtoto hata yakiwa kidogo. Marekani nako, mwaka 2023, watoto walikutwa na risasi kwenye damu kwa sababu ya mdalasini uliochanganywa kwenye rojo la matufaha. Bei yetu inabeba kazi ya kuchagua na kuosha, na hatuionei haya.

Sasa magoti. Mteja wetu alikuwa akikoroga manjano kwenye maji ya moto, basi. Kurkumini, kemikali ya manjano ambayo ndiyo inayosifiwa, ni takriban asilimia 3 tu ya uzito wa manjano. Haiyeyuki vizuri kwenye maji na mwili huifyonza kwa shida. Inataka mafuta, na inataka pilipili manga: utafiti wa mwaka 1998 ulionyesha kwamba piperini iliyomo kwenye pilipili manga iliongeza mara 20 hivi kurkumini inayofika kwenye damu. Hata hivyo, tafiti za maumivu ya magoti hutumia dondoo zenye kurkumini nyingi kuliko inayoingia kwenye sufuria yoyote. Manjano ya kupikia hayatibu baridi yabisi, na hatujawahi kumwambia mtu kwamba yanatibu.

Kinachotutia hofu zaidi ni watu wa vijiko. Alikuja mama mmoja kununua mdalasini mwingi kuliko kawaida, amesikia unashusha sukari, naye anabugia kijiko kizima asubuhi na jioni. Tulipomuuliza alianza na upi, akatoa mkobani vipande vinene, vigumu, vilivyojikunja gamba moja. Hiyo ni kasia, aina nyingine ya mdalasini. Mdalasini wa Sri Lanka una magamba mengi membamba yaliyoviringishwa pamoja, na unavunjika kwa vidole. Bei yake iko juu kweli, lakini kasia ina kemikali iitwayo kumarini kwa wingi, na kumarini ikizidi huumiza ini. Kiwango kinachokubalika Ulaya ni miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku. Kijiko kimoja cha chai cha kasia kinaweza kukivuka. Kuitia kwenye chakula kwa ladha si tatizo. Kuigeuza dawa ya kila siku kwa kuwa ni rahisi ndiko kunakokuja kugharimu.

Tangawizi tunaisema bila kigugumizi: hupunguza kichefuchefu, na ushahidi wake ni mzuri. Karafuu ibonyeze kwa ukucha. Ikitoa mafuta, yujenoli ingalimo, ileile wanayoitumia madaktari wa meno kutuliza maumivu. Ikiwa kavu, huenda imeshakamuliwa na umeuziwa makapi. Iliki nunua nzima, kwa maana ikishasagwa harufu inakimbia, na wanaotaka kusagiwa ya miezi sita kwa mkupuo tunawakatalia.

Ukiwa unatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, au dawa za kisukari, daktari wako ajue kabla hujaanza vidonge vya manjano au vijiko vya mdalasini. Anayetuambia yuko kwenye dawa hizo tunampimia kiasi cha kupikia tu, hata akitaka kununua zaidi.