Kanisa la Mkunazini halikujengwa na serikali ya mkoloni

Mhariri, ile ripoti yenu ya juzi kuhusu kanisa la Anglikana la Mkunazini, hapa Mji Mkongwe Unguja, nimeirudia mara mbili, nilidhani macho yangu ndo mabovu, ati "lilijengwa na serikali ya kikoloni". Nalinunua gazeti lako miaka yote hii sijawahi kukuandikia, ila hili limenishinda kumeza.

Himaya ya Waingereza imeanza hapa 1890. Soko la watumwa Sultani wetu Seyyid Barghash kalifunga Juni 1873, jiwe la msingi likawekwa Krismasi ya mwaka huohuo palepale sokoni, na Krismasi ya 1877 watu washasali ndani, sasa hapo serikali ya mkoloni iko wapi? Askofu Steere aliyesimamia ujenzi alikuwa Muingereza sawa, mmisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana, si mtu wa serikali, lakini waliobeba mawe ni watu waliotolewa utumwani, na hao mwandishi wenu hakuwapa hata mstari mmoja.

Inaniuma kwa sababu bibi yake mama kalelewa Mbweni, kwenye shamba la misheni walikowekwa waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa. Mwaka jana nikampeleka mjukuu wangu wa miaka tisa akaone, tukaingia nyuma ya kundi la wageni, na muongozaji wao, sijui ana leseni au papasi tu wa kudandia watalii, akafika kwenye zile nguzo zilizosimama kichwa chini akawaambia askofu alisafiri, huku nyuma Waafrika wakazigeuza maana walikuwa hawajui kitu, wageni wakacheka wakapiga picha. Mtoto alikuwa anapitisha kidole kwenye nguzo, akautoa mkono kama kaungua, akaniuliza, "Babu, ni sie tuliokosea?" Nimjibu nini mbele za watu? Haohao wa nguzo ndo waliopandisha lile paa la tao, matumbawe na saruji, na mpaka leo zaidi ya miaka 140 liko juu, hilo mbona hakuwaonyesha wageni wake, mbona hawakuambiwa waangalie juu!

Halafu tunajisifu Mji Mkongwe. Beit al-Ajaib, lile jumba la Seyyid Barghash, ni la 1883, jipya kuliko kanisa, na Krismasi ya 2020 upande mmoja umeporomoka wakafa watu wawili. Mtaani kwangu jirani kapiga plasta ya saruji juu ya ukuta wa mawe, chokaa hataki ati inachelewa kukauka, masika yakija ukuta unavuta maji haupumui, unavimba, unabanduka vipande vipande mpaka kwenye baraza yangu. Nimemwambia mpaka nimechoka.

Wekeni masahihisho ukurasa uleule wa mbele, si kule kwenye matangazo ya viwanja. Na kwenye zile nguzo uwekwe ubao wa mvule, herufi kubwa, Kiswahili kianze: waliosimamisha nguzo hizi ndo waliopandisha paa hili. Upigiliwe chini kidogo, usawa wa macho ya mtoto wa miaka tisa.

Mkaazi wa Mkunazini, Unguja