Kwa Salongo, mwenzangu wa usukani

Malaba, Jumapili jioni

Salongo ndugu yangu,

Salamu nyingi kutoka huku mpakani. Mwanao alipita juzi na lori la saruji, akaniambia umemaliza mionzi ya saratani ya tezi dume, mara zote 20, na Mungu ashukuriwe. Halafu akashusha sauti: "Mzee, baba siku hizi hatoki nyumbani. Hata kanisani haendi. Anasema ana malaria." Nikacheka, maana malaria hiyo naijua. Mimi mwenyewe niliugua miezi mitatu.

Basi acha nikuandikie yale ambayo kwenye simu, mama watoto akiwa kando, hatutayasema.

Hukurogwa, wala tumbo halijaoza. Tezi dume imekaa mbele ya ule mwisho wa utumbo mpana, vimegusana kama trela mbili zilizobanana kwenye foleni hapa Malaba. Ukichomelea moja, ya pili inababuka rangi ubavuni. Ndiyo maana walikuwa wakituambia tulale kwenye mashine kibofu kimejaa maji na haja kubwa tumeshamaliza, ili utumbo usipate moto wa bure. Sasa ule utando wa ndani umevimba, haubebi mzigo tena. Hewa kidogo tu, mbio. Unakwenda mara saba, mara nyingine unatoa makamasi matupu. Kwangu yalianza wiki ya tatu ya matibabu, yakazidi wiki mbili baada ya kumaliza, ndipo yakaanza kulegea polepole. Mwanao anasema wewe una wiki mbili tangu umalize. Uko juu kabisa ya mlima.

Kosa langu lilikuwa kuacha kula. Nilikuwa na miadi Kampala, nikafunga tangu jana yake, alfajiri nikanywa kahawa nyeusi ya kunitia nguvu. Kahawa, Salongo! Heri ningekunywa dizeli. Tulipovuka Jinja tumbo likaamka. Msitu mzima wa Mabira nimekaza, jasho linanitoka, jirani yangu anadhani nasali. Namwambia konda asimamishe, ananijibu, "Mzee, tunasimama Namawojjolo." Na unajua Namawojjolo ilivyo. Kabla mlango haujafunguka vijana wameshajaza madirisha kwa kuku wa vijiti na gonja, zile ndizi za kuchoma, mmoja ananipigia mkono begani, "Mzee, firigisi!" Mimi niliyeikanyaga barabara hiyo kwa trela miaka 30 sikufika chooni. Mama mmoja muuza maji aliona. Hakuuliza kitu. Alinipa jagi, kipande cha sabuni na leso yake nijifunge. Nilipompa elfu kumi aliisukuma nyuma.

Kule kliniki nikamwambia sista kila kitu, na leso yenyewe nimeivaa. Akaniangalia. "Kila ukija nakuuliza tumbo likoje, unasema zuri." Ni kweli. Nilikuwa namdanganya mtoto wa watu kwa sababu ni msichana.

Yeye ndiye aliyeniambia ninunue daftari. Nikaliandika kama logi ya gari: saa, nilichokula, saa ya choo, kilitokaje. Wiki mbili tu adui wakajitaja. "Chai ya maziwa, saa mbili. Mbio, saa nne." Siku tatu hivyo hivyo. Maharage, dodo (ule mchicha), pilipili na kahawa vikashuka garini, pamoja na maziwa. Nilibaki na matoke laini, wali mweupe, posho (ugali), yai la kuchemsha, bogoya (ndizi mbivu), na maji ya kunywa mengi maana ukiharisha unakauka. Lakini usiige orodha yangu, wewe lifanye lako. Maziwa pengine hayana ubaya na wewe. Na ukipoa, rudisha chakula kimoja kimoja. Maharage nimeshayarudia, sahani ndogo.

Siku ya safari nameza kidonge cha loperamidi, cha kuzuia kuharisha, kama daktari alivyoniruhusu. Muulize kwanza na wewe, na usikimeze ukiwa na homa au ukiona damu. Kufuta, acha karatasi ngumu: maji, kausha taratibu, paka Vaseline. Begi langu lina suruali ya pili ndani ya kavera (mfuko wa plastiki) na pedi za watu wazima. Mara ya kwanza kuzinunua nilimwambia binti wa duka la dawa ni za mama yangu, aliyefariki 1994. Mungu anisamehe. Halafu kuna zoezi: kaza kama unazuia hewa, hesabu mpaka tano, achia, mara kumi, mara tatu kwa siku. Mimi hulifanya wakati wa matangazo kanisani, na matangazo yetu ni marefu.

Sasa la damu, na hili lisome mara mbili. Mwezi wa tisa baada ya mionzi niliona matone mekundu. Jirani akasema ni bawasiri, akaniletea mizizi ya kuchemsha. Ningeinywa. Daktari akaingiza kamera, akaona vimishipa vyembamba vilivyoota pale palipochomwa, vinavyopasuka upesi. Akapima wingi wa damu, akanipa dawa ya kulainisha choo nisijikamue, akasema ikizidi vinaweza kuchomwa kutoka ndani. Haikuzidi. Ila alinionya: daktari yeyote akitaka kukata kipande kidogo cha nyama huko ndani akapime, nimwambie kwanza kwamba nilipigwa mionzi, maana kidonda cha pale ni kigumu kupona. Ukiona damu, nenda, na useme hivyo hivyo.

Unakumbuka 2016, mashine pekee ya mionzi Uganda ilipoharibika, mpaka nyingine ikazinduliwa mwanzoni mwa 2018? Wagonjwa walikuwa wakipita hapa mpakani kwenda Nairobi, na sisi tukiwa kwenye foleni tunalalamikia mizani. Nawaza sana hilo siku hizi.

Nilirudi Namawojjolo na leso mpya, sikumkuta yule mama. Nimemwachia mwenzake.

Niandikie mara ngapi kwa siku, usiku mara ngapi, na rangi gani. Usiniandikie "salama tu." Mwezi ujao mjukuu anapewa komunyo, nakutaka hapa. Choo kiko hatua kumi na mbili kutoka kiti chako, nimezihesabu leo.

Ni mimi, mwenzako wa foleni.