Michoro imejaa kwenye rafu, mahali pa kuitengeneza ni wapi?

Bwana Mhariri,

Mwezi uliopita msichana mmoja wa kitivo cha kilimo alishinda siku tatu kwenye meza ya dirishani katika maktaba yetu, ananakili mchoro kwa penseli. Mama yake anafuga kuku huko Katuba, mtaa wa mji wetu. Mchoro wenyewe ulikuwa wa mashine ya kutotolesha mayai, na aliukuta katika memwari, yaani tasnifu ya kumaliza chuo, ya mwanafunzi aliyehitimu zamani: sanduku la mbao, balbu mbili, beseni la maji, kipimajoto, na swichi ya kuzima balbu joto likipita digrii 37.5. Yai la kuku linataka joto hilo kwa siku 21, na linataka kugeuzwa mara kadhaa kila siku. Yule binti aliandika yote hayo pembeni mwa karatasi, akapima kila kipande kwa rula. Siku ya tatu jioni alinirudishia memwari, akaniuliza, "Mama, sasa nitaenda kuitengenezea wapi?"

Mimi ni mkutubi. Nimefanya kazi hii kwa miaka 19 hapa Lubumbashi, na kazi yangu ni kumwelekeza mtu mahali pa kupata anachotafuta. Siku hiyo sikuwa na pa kumwelekeza.

Tangu hapo nimekuwa nikipita kwenye rafu za memwari kwa macho mengine. Kuna kikaushio cha mihogo kinachotumia jua. Kuna mashine ya kupura mahindi inayozungushwa kwa kanyagio la baiskeli. Kuna mbabula, yaani jiko, ya kupunguza matumizi ya makaa, imechorwa vizuri, vipimo vyote vipo, na ukurasa wa mwisho una mihuri na sahihi za walimu. Karibu yote hayo hayajawahi kuundwa. Kijana ametetea kazi yake, familia imepiga picha, sisi tumeipa namba na kuiweka rafuni. Tunaishi juu ya shaba na kobalti, betri za simu na za magari ya dunia zinaanzia katika udongo huu, lakini mwanafunzi anaweza kumaliza miaka yake yote ya chuo bila kushika multimeta, kile kifaa cha kupimia umeme, kwa mkono wake.

Ndiyo maana naomba vyuo vyetu vifungue karakana ndani ya maktaba. Naisema waziwazi: ndani ya maktaba, siyo katika kitivo cha ufundi. Karakana ya kitivo ina ufunguo, na ufunguo una mwenyewe. Binti wa kilimo akibisha hodi ataulizwa ametoka idara gani. Maktaba ni ya wote, wa udaktari, wa sheria, wa historia, na mwenye kadi haulizwi zaidi.

Wenzetu wamefanya hivyo, tena katika mji wa watu wa migodi kama sisi. Maktaba ya DeLaMare ya Chuo Kikuu cha Nevada, mjini Reno, Marekani, iko katika jengo la shule ya migodi. Mwaka 2012 ilikuwa miongoni mwa maktaba za kwanza za vyuo nchini humo kuweka printa za 3D, mashine zinazochapa vitu vya kushikika badala ya karatasi, na kumruhusu kila mwanafunzi azitumie. Wakaazimisha pia vifaa, kama vile kitabu kinavyoazimwa. Wala tusidhani hayo ni ya matajiri peke yao. Mwaka 2013, huko Lomé, Togo, Afate Gnikou aliunda printa ya 3D kwa mabaki ya kompyuta na skana zilizotupwa. Mwaka huohuo Kinshasa ilianza kuona roboti za kuongoza magari, zenye mwili wa alumini na kutumia nguvu za jua, kazi ya mhandisi wetu Thérèse Izay Kirongozi na wenzake.

Lakini nina ombi ndani ya ombi, na hapa ndipo ninaposisitiza. Tusianze na mashine. Tuanze na mtu.

Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo wafadhili walileta printa ya 3D. Wiki ya kwanza ilichapa vinyago vidogo vya plastiki, wakubwa wakapigwa picha navyo. Mwezi wa pili ilikwama. Pua yake, ile inayotoa plastiki iliyoyeyuka, ina tundu la milimita 0.4 tu, na uzi wa plastiki ulikuwa umeachwa wazi msimu mzima wa mvua ukanyonya unyevu. Pua ikaziba. Hakuna aliyethubutu kuifungua. Ikafunikwa kitambaa, ikakaa hivyo miaka miwili, na kila mgeni alipokuja kitambaa kilitolewa kikapigwa vumbi.

Nilimwita fundi wa simu kutoka komini ya Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi, kijana ambaye alinitengenezea simu mara mbili. Mlinzi alimzuia getini kwa sababu hana kadi ya chuo, ikabidi niende kumtoa mwenyewe. Alikaa mbele ya mashine, akaitazama kitambo bila kuigusa. Kisha akaomba iwashwe ipate moto, zaidi ya digrii 200. Akachuna waya wa pasi ya zamani, akachomoa unywele mmoja wa shaba, akauingiza tunduni taratibu. Plastiki nyeusi ikatoka kama nta ya sikio. Haikufika saa moja. Alipomaliza alinawa mikono, akaniuliza kama anaruhusiwa kutazama vitabu vya redio. Akatazama hadi tulipofunga.

Kijana kama huyo apewe kiti maktabani na mshahara, hata kwa siku mbili za wiki. Mashine zitafuata, na zikija zitamkuta mtu anayezijua. Kwanza atosheke na vitu vya kawaida: bisibisi za kila saizi, koleo, multimeta, vifaa vya kulehemu, msumeno mdogo, na meza imara. Waanze kwa kutengeneza vilivyovunjika, maana vipo tele: kompyuta za wanafunzi ambazo tundu la chaji limelegea, taa za kusomea, viti vyetu wenyewe. Multimeta ipewe namba kama kitabu, iazimwe kwa siku saba, ikicheleweshwa faini ileile.

Najua walimu watasema maktaba ni mahali pa kimya. Ni kweli, na mimi ni wa kwanza kunyamazisha watu. Moshi wa lehemu una madhara, hivyo chumba lazima kiwe na madirisha, na vumbi la mbao ni adui wa vitabu, hivyo msumeno ukae mbali na rafu. Umeme nao, sote tunaujua. Uchapaji wa 3D unaweza kuchukua saa nyingi, ukikatika katikati mara nyingi kitu huharibika, basi betri inunuliwe kabla ya printa. Wengine watasema vitabu vyenyewe havitoshi. Havitoshi, kweli, na sitaacha kuvidai. Lakini memwari zile tayari ni zetu, tulizilipia kwa miaka ya vijana waliozichora, na zinaliwa na mchwa.

Kwetu kuna chumba cha magazeti ya zamani ambacho hakifunguliwi ila kwa kufagiliwa. Nimekipima: mita sita kwa nne. Kina madirisha mawili makubwa na mlango wake wa nje, kwa hiyo kelele haitapita katika ukumbi wa kusomea. Kina soketi nne, mbili zinafanya kazi. Magazeti yanaweza kuhamia chini ya ngazi kwa siku moja, wanafunzi wameshajitolea kuyabeba. Yule fundi nimemuuliza, amesema Jumatano na Jumamosi anaweza. Mchoro wa mashine ya mayai ninao mezani kwangu, binti aliniachia nakala moja. Barua ya kuomba ufunguo nimeipeleka kwa wakubwa wangu, na bado nangoja jibu.

Mkutubi wa chuo,
Lubumbashi