Barua kwa Hakim kuhusu mkataba wa televisheni

Pakwach,
Jumapili, baada ya Alasiri

Ndugu yangu mpendwa Hakim,

Assalaam alaykum wa rahmatullah. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe, Sharifa na watoto, na kwamba homa ya yule mdogo imekwisha. Sisi huku hatujambo. Hajati anakusalimu na anauliza, kama kawaida yake, ni lini utamletea samaki badala ya picha za samaki. Salamu nyingine niwie radhi nizifupishe, kwa sababu karatasi ulizompa Opio aniletee ziko mezani mbele yangu tangu juzi, na kila nikijaribu kushika kazi nyingine macho yananirudisha kwenye kifungu cha tisa.

Umeniomba mambo mawili: niusome mkataba wa kipindi cha uvuvi uliopewa na kituo cha televisheni cha Kampala kabla hujautia saini, na nikudhamini katika chama chetu cha akiba na mikopo ili upate fedha za kuanzia. La pili nitalijibu mbele kidogo, maana linategemea la kwanza.

Nianze na pongezi, ambazo ni za dhati. Kituo hicho hakikukosea kukutafuta wewe. Mto ule chini ya Maporomoko ya Murchison, mahali ambapo Nile nzima inabanwa katika mwanya wa mita 7 hivi kisha inaporomoka mita 43, wako wengi wanaoupiga picha na wachache wanaoujua. Wewe unajua sangara hukaa wapi maji yakiwa machafu baada ya mvua, na hukaa wapi yakitulia mwezi wa pili. Ujuzi huo haukununuliwa dukani, na ndiyo sababu sitaki uutoe bure.

Sasa, kifungu cha tisa. Kinasema kwamba picha zote za kipindi, pamoja na zile utakazopiga mwenyewe kwa kamera yako mwenyewe, zitakuwa mali ya kituo daima, na kwamba jina la kipindi, ambalo ni jina lako, halitatumika katika biashara nyingine yoyote bila idhini yao. Hayo peke yake yangeweza kujadiliwa. Lakini rudi nyuma hadi kifungu cha nne, ambacho kinakutaka wewe ulipie muda wa hewani na wewe utafute wafadhili. Nilivisoma vifungu hivyo viwili kwa pamoja, nikavisoma tena kwa sauti, hadi Mama Zamzam akatoka jikoni kuniuliza nagombana na nani. Ndugu yangu, unalipa wewe, wanamiliki wao! Kulipia muda wa hewani si ajabu, kwani hata Marekani wengi wenye vipindi vya uvuvi hununua muda kisha wakarudisha gharama kwa matangazo ya wafadhili. Ila aliyenunua muda ndiye anayebaki na kipindi chake.

Tangu uliponidokezea habari hii nimekuwa nikisoma maisha ya watu waliopita njia hiyo kabla yako, na karibu wote ni Wamarekani. Aliyenivutia zaidi ni Roland Martin, kwa kuwa alianzia pale pale ulipo wewe: katika miaka ya 1960 alikuwa mwongozaji wa wavuvi wageni kwenye maziwa ya Santee Cooper, jimbo la South Carolina. Kutoka hapo aliingia katika mashindano ya kuvua samaki aitwaye bass, akawa mvuvi bora wa mwaka mara 9, ijapokuwa shindano kubwa kuliko yote, Bassmaster Classic, hakulishinda hata mara moja. (Bass mwenyewe usimwogope, rekodi ya dunia ya yule mwenye mdomo mkubwa ni kilo 10 hivi, na sangara wa kilo 104 aliyevuliwa Ziwa Nasser, Misri, mwaka 2000 angemmeza bila kutafuna.) Kisha akawa na kipindi chake cha televisheni kilichodumu miaka mingi. Wengi humkumbuka kwa kipindi hicho, lakini mimi nimetazama zaidi vilivyokuwa pembeni yake. Palikuwa na gati lenye jina lake na nyumba za wageni huko Clewiston, kando ya Ziwa Okeechobee, Florida, ambako mtu aliyemwona kwenye runinga angeweza kukodi boti, kununua chambo, kulala, na kupewa mwongozaji asubuhi. Katika miaka ya 1990 palikuwa na chambo cha bandia kiitwacho Helicopter Lure, alichokinadi yeye mwenyewe kwa matangazo marefu ya televisheni. Na leo yupo mwanawe, Scott Martin, aliyeshinda Forrest Wood Cup, shindano jingine kubwa la kuvua bass, mwaka 2011, naye ana vipindi vyake vya uvuvi kwa jina hilo hilo la ukoo. Kwa kifungu cha tisa, Hakim, mwanao angelazimika kwenda Kampala kuomba ruhusa ya kutumia jina la baba yake kwenye ubavu wa boti.

Wapo pia ndugu wawili, Al na Ron Lindner, waliohama kutoka Chicago wakaenda kuongoza wavuvi katika eneo la Brainerd, Minnesota. Hao walianza na kitu kidogo sana, mpangilio wa ndoana na chubwi ulioitwa Lindy Rig, wakaunda kampuni ya kuuuza, baadaye wakaiuza kampuni yenyewe. Mwaka 1975 wakaanzisha jarida la In-Fisherman, likazaa vipindi vya redio na televisheni, na mwaka 1998 wakauza hilo nalo, kisha wakaanza upya na kipindi kingine. Sasa niambie, wangeuza nini kama jarida na picha vingekuwa vya mtu mwingine tangu siku ya kwanza? Hata Bill Dance wa Tennessee, ambaye hakutokea katika kazi ya uongozaji na ambaye kipindi chake kilianza mwaka 1968, aliweza kuuza kanda za video za yeye mwenyewe akianguka majini na kuvunja fimbo za kuvulia. Alianguka, akajiuza akianguka! Wewe ukianguka chini ya mkataba huu, faida ya anguko lako itakwenda kwao.

Ninachokiona katika maisha ya watu hao ni kwamba televisheni ilikuwa dirisha la duka tu, na bidhaa zilikuwa ndani. Bidhaa yako wewe ni boti, mto, na imani ya mgeni anayekukabidhi maisha yake kati ya viboko na mamba.

Hapo niseme neno kuhusu ile video ya majaribio, kwa kuwa uliniomba maoni bila kunionea haya. Mwanzo wake ni mzuri. Sangara yule alipochomoka majini na kutikisa kichwa, mashavu yakafunguka mekundu, nilisimama kwenye kiti. Baada ya hapo ukageuka kuitazama kamera ukaanza kueleza, na nyuma yako mshipi wa mgeni ulikuwa umepita chini ya boti, fimbo imepinda ukingoni, naye anakuita mara ya pili. Hakim wa zamani angeuona mshipi ule kabla mgeni hajafungua mdomo. Kisha samaki alishikwa nje ya maji kwa muda mrefu ili mpiga picha abadilishe upande, na uliporudi kumshika majini, kichwa kikielekea mkondo, alichelewa mno kupiga mkia. Aliondoka, nashukuru, lakini mtu anayejua uvuvi aliyelipia kibali cha kuvua na kumwachia samaki ndani ya hifadhi ataliona hilo na hatakuja kwako. Kwa hiyo, ukipiga kipindi, weka mtu mwingine wa kuangalia mgeni na mto wakati wewe unazungumza. Hilo silo la kujadiliwa na kituo. Ni lako wewe na Mungu wako.

Nimeona pia ulitumia Kiingereza kilichopita puani, sijui umekiokota kambi gani ya wageni. Mimi na wewe tumekulia kambini kwa wanajeshi, Kiswahili ndicho tulichogombania nacho na kupatania nacho. Baraza la Mawaziri la Uganda lenyewe liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi mwaka 2022, na Ziwa Viktoria linagusa nchi tatu ambazo mvuvi wake yeyote anamjua sangara, tena anajua bei ya bondo lake, kile kifuko cha hewa tumboni mwake, kuliko bei ya nyama yake. Kipindi cha Kiswahili kinaweza kuuzwa Kisumu na Mwanza. Cha Kiingereza kitashindana na Wamarekani ambao wana boti zenye thamani kuliko nyumba zetu zote za mtaa huu. Unaweza kutoa nakala ya Kiingereza kwa ajili ya wageni wa mbali, lakini hata haki ya kuuza nakala hizo inaamuliwa na kifungu kile kile. Kila njia ninayoifikiria inaishia pale pale.

Kuhusu mkopo. Nitakudhamini, tena kwa moyo mmoja, kwa fedha za boti, injini na majaketi ya kuokolea, kwa sababu vitu hivyo vitaingiza fedha hata kama kipindi kitakufa baada ya miezi mitatu. Kwa kununua muda wa hewani sitatia saini yangu, na naomba usinikasirikie. Boti ikishindwa tutaiuza, na Musa wa Panyimur ameshauliza bei kabla hata haijanunuliwa. Muda wa hewani ukipita, mkopo utabaki bila cha kuuza. Kamera ndogo nunua kwa fedha yako, upige mwenyewe, uhifadhi nakala nyumbani kwa Sharifa, ambaye hapotezi kitu isipokuwa funguo. Kumbuka tu kwamba kupiga picha za kibiashara ndani ya hifadhi kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Wanyamapori, na mkataba haukusema ni nani atakayekilipia. Kwa jinsi ulivyoandikwa, nadhani tunajua.

Ushauri wangu ni kwamba urudi kwao kwa upole, ukiwa na mtu anayejua sheria, uwaambie mambo matatu: picha ziwe zako na wao wapewe haki ya kuzirusha kwa muda maalumu, jina lako libaki lako, na kama hawataki, basi wao walipie muda na gharama zote, nawe ulipwe kwa kila kipindi kama mfanyakazi. Wakikataa yote, utakuwa umejua walichokitaka. Nilitaka pia kukueleza aliyoniambia mjomba wake Opio kuhusu kituo hicho, lakini hayo hayafai kuandikwa, tuyaache mpaka tuonane.

Sasa nijibu, maana maswali yamenijaa. Je, walikupa tarehe ya mwisho ya kutia saini, au ni wewe unayejiharakisha? Umeshapokea fedha yoyote kutoka kwao, hata ya nauli? Wenye kambi unayofanyia kazi wanajua habari hii, na wamekubali jina lao lionekane? Yule mgeni aliyeonekana kwenye video alitoa idhini ya maandishi? Ile ahadi ya mfadhili wa injini ni ya mdomo au ipo karatasini? Na Sharifa anasemaje? Usiniambie hujamwonyesha mkataba!

Kamati ya mikopo inakutana Ijumaa baada ya swala, na haitakutana tena mpaka baada ya Idi. Opio anarudi huku Jumatano. Mpe majibu yako pamoja na makadirio ya bei ya boti na injini, yakiwa na mhuri wa muuzaji, nami nitayawasilisha mwenyewe. Mkataba nimeubakiza kwangu.

Wasalaam,
nduguyo Ramadhani