Kabla picha za Mwalimu hazijagawanywa

Rehema shoga yangu,

Habari za masiku? Sisi wazima, ya umbea tutaongea tukionana. Nina shida na wewe.

Watoto wa marehemu Mwalimu wetu wa uchoraji wanataka kugawana picha alizochora, zitakazobaki ziuzwe. Haki yao, sikatai. Lakini wewe unayeshinda stoo ya makumbusho unajua kinachofuata zikitawanyika bila orodha.

Namfikiria sana Judith Leyster, yule mchoraji wa Haarlem, Uholanzi. Chama cha wachoraji kilimpokea mwaka 1633, fundi kamili. Alipofariki 1660 jina likapotea, kazi zake zikapita mikononi mwa watu kama za mchoraji maarufu Frans Hals. Mpaka 1893, mtaalamu wa sanaa Hofstede de Groot alipoikagua picha moja ya "Hals" akakuta J na L zimeshikana, na kinyota ubavuni. Na unadhani wafanyabiashara walioiuziana walishangilia kupata mchoraji mpya? Walikuwa wakiburuzana mahakamani kwa ajili ya bei! Picha ile ile, rangi ile ile. Hapo ndipo ninapowachoka watu wa fani yenu, usinune.

Sasa Mwalimu alikuwa akisaini nyuma ya turubai, kwa penseli, tena si zote. Penseli, Rehema! Na zile alizotuachia tumalizie je? Kesho msomi ataandika kitabu kizima kumsifia Mwalimu kwa yule mbuzi wako mwenye miguu mitano.

Hata Van Gogh, kipaji peke yake hakikumfikisha popote. Alikufa 1890, mdogo wake Theo akamfuata 1891, mzigo wote ukabaki kwa Jo, mke wa Theo. Akazitunza picha, akaziazimisha kwenye maonyesho, akachapisha barua za Van Gogh 1914, akauza kwa kuchagua mnunuzi. Ile picha ya alizeti iliyoko London aliiachia 1924. Sisi Jo wetu nani? Mama Zuhura angefaa, lakini macho ndiyo hayo tena.

Siombi mumtundike ukutani, bosi wako namjua. Njoo tu na kamera na futi. Tupige kila picha mbele na nyuma, tuandike vipimo, mwaka, na nani kachukua ipi. Lile daftari lake la wateja nalo, kabla halijawashiwa jiko.

Utapata ruhusa lini? Zile fomu mnazojaza kazini, naweza kupata nakala? Zisizo na saini mnaziandikaje: "inadhaniwa ni yake", au mnaacha wazi? Na ile aliyokupa siku ya harusi ipo, au ni kweli shemeji aliiuza?

Nijibu upesi, kikao chao ni mwisho wa mwezi.

Wako,
Asha